Bonsai ya kwanza ya ndani: chukua jamaa wa mkuyu

Anayeniuliza aanze na bonsai gani, yaani mti unaotunzwa ubaki mdogo chunguni, huwa tayari ana picha kwenye simu. Shina limejipinda kama limepigwa na upepo wa miaka mia, majani ya sindano, chungu cha bluu kilicho bapa kama sahani. Mara nyingi mti huo ni juniperi, ndugu wa mtarakwa wetu wa milimani, na jibu langu halibadiliki: huo usiuingize ndani.

Picha zenyewe zilipigwa nje. Kule Omiya, mtaa wa wakuza bonsai mkoani Saitama, kaskazini mwa Tokyo, ulioanzishwa mwaka 1925 na wakulima waliohama jiji baada ya tetemeko la 1923, miti hupangwa uani juu ya meza, inyeshewe na ipigwe na jua. Sebuleni huingizwa kwa muda mfupi tu, ionekane na wageni, kisha hurudishwa nje. Juniperi za Asia zinataka jua la wazi na hewa inayotembea, na zimezoea majira ya baridi ya kupumzika. Tena zina hila moja mbaya: zinaweza kuwa zimekufa mizizini huku majani yakibaki ya kijani kwa wiki kadhaa, na mwenyewe yuko palepale asubuhi na kopo lake la maji. Siku majani yanapokauka, anaamua kwamba hana mkono wa kupanda.

Mimi ningemshauri achukue fikasi. Ni ukoo wa mkuyu, na watu wa huku wanaujua ukoo huu kwa ukaidi wake. Tembea Mji Mkongwe, Zanzibar, utaona mche umechomoza kwenye ufa wa ukuta, hauna udongo wa kutosha hata kujaza kikombe cha kahawa. Nenda magofu ya Gede, karibu na Malindi, utazame mizizi ilivyokumbatia kuta za mawe. Mti unaoweza kuishi hivyo hautasumbuliwa na chungu kifupi. Ukikatwa tawi unachipua, ukipunguzwa mizizi unavumilia, na kwenye unyevu wa pwani huweza kuteremsha mizizi ya hewani ambayo mkulima wa Ulaya huihangaikia kwa kufunika mti wake na plastiki.

Madukani utakuta zaidi fikasi ya kutoka Asia, Ficus microcarpa, ile yenye mizizi iliyonenepa kama mihogo. Wapenzi wa bonsai wenye pua ndefu huidharau. Mimi siidharau, ila siipendi sana sura yake. Afadhali uende kwenye kitalu cha kando ya barabara ukaulize fikasi ya uzio, Ficus benjamina, inayouzwa kwenye mfuko mweusi wa plastiki. Chagua mche wenye shina nene kuliko wenzake, hata kama matawi yake hayana mpango. Matawi yataota mengine, lakini shina jembamba likishatiwa kwenye chungu kidogo hukaa miaka bila kunenepa. Na usitishike ukifika nao nyumbani ukamwaga majani. Fikasi, hasa hii ya benjamina, huchukia kuhamishwa. Ipe mahali pamoja uiache. Ukiikata itatoa maziwa meupe yanayowasha ngozi, na si mazuri kwa paka anayependa kutafuna majani.

Kabla ya mti, lakini, kuna dirisha. Hapa ndipo ushauri wa mtandaoni unapotupoteza, kwa sababu umeandikwa na watu wa kaskazini ya mbali. Wanakwambia weka mti dirisha la kusini. Kwao ni kweli. Dar es Salaam jua la mchana huwa upande wa kaskazini kuanzia Machi hadi mwanzoni mwa Oktoba, kisha huhamia kusini. Nairobi nako hubadilisha upande ndani ya mwaka uleule. Kwetu dirisha la kutegemea ni la mashariki, linalopata jua la asubuhi mwaka mzima. La magharibi linafaa, ila jua la alasiri kwenye kioo ni kali na chungu kidogo hukauka upesi. Mti ukae karibu kabisa na dirisha. Juu ya meza ya katikati ya sebule, nyuma ya pazia zito, jicho lako linaona mwanga wa kutosha, mti hauuoni. Na kama una baraza au roshani yenye nondo, sahau neno “ndani”, uuweke huko. Hali ya hewa yetu inaturuhusu kitu ambacho mtu wa Berlin hawezi kukifanya mwezi Januari.

Kama husimami nyumbani, leo Dodoma kesho Mwanza, basi mti wako ni spekboom, Portulacaria afra, wa kutoka kusini mwa Afrika. Majani yake madogo manene huhifadhi maji, na kuuua kwa kiu ni kazi. Unauawa na huruma: maji mengi, mizizi ikaoza. Waridi la jangwani, pamoja na uzuri wake wote, liache nje kwenye jua kali. Kamona, ile inayochanua vimaua vyeupe, hulalamika kwa kila kitu, haimfai anayeanza.

Kuna bidhaa mbili ambazo ningezipita bila kuuliza bei. Ya kwanza ni pakiti za “mbegu za bonsai”. Mbegu hiyo haipo. Bonsai ni mti wowote wa kawaida uliotunzwa kwa namna fulani, na mbegu itakuchukua miaka kabla hujapata shina la kukata. Ya pili ni mti ambao kokoto za juu zimebandikwa kwa gundi. Zinapendeza rafuni, ila maji hayapiti vizuri, nawe huwezi kuchomeka kidole kwenye udongo kujua kama umekauka. Na kidole ndicho kipimo. Ratiba ya kumwagilia kila Jumatatu na Alhamisi haijui kwamba wiki hii kumenyesha, au kwamba mtu amewasha kiyoyozi usiku kucha.

Udongo wa Japani unaoitwa akadama ni ghali na huna haja nao. Tafuta mawe mepesi ya volkano, jamii ya lile la kusugulia visigino, yapondwe vipande vidogo, uchanganye na mboji kidogo. Waya wa shaba uliovuliwa kutoka kwenye nyaya chakavu za umeme unatosha kukunjia matawi; waya wa kufungia nondo wa fundi wa zege ni mgumu na unashika kutu.

Chungu bapa cha bluu nacho kisubiri. Mche uliotoka kwenye mfuko ukiwekwa kwenye ndoo pana iliyotobolewa chini, juani, hunenepa shina haraka kuliko utakavyonenepa kwenye sahani ile. Upunguze matawi, uuache uchipue, upunguze tena. Ukiona shina limefikia unene unaoutaka, hapo ndipo uingie dukani kutafuta chungu.