Gari Halikuendeshwa, na Hakuna Aliyeibiwa

Likitoka tangazo la televisheni lenye gari la miaka ya 1950, wapenzi wa magari ya zamani hawachelewi kulichambua. Dereva anazungusha usukani ilhali barabara imenyooka. Mlio ni wa V8, injini ya silinda nane, na chini ya boneti kuna silinda nne. Kutu imepakwa kwa brashi. Basi wanahitimisha: tumedanganywa.

Lawama hiyo ina mahali pake, nami nitafika huko. Ila aliyewahi kumiliki Peugeot 504 iliyochoka anajua foleni moja ya mchana inavyoifanya rejeta. Sasa chukua gari lenye umri mkubwa zaidi, litambae nyuma ya kamera, lirudishwe lilikoanzia, litambae tena, mara kumi, mara ishirini, mpaka mwongozaji aridhike. Injini inachemka. Breki za ngoma zikipata moto zinalegea. Mengi ya magari hayo hayakuundwa na mikanda. Ndiyo maana hupandishwa kwenye tela la chini, likavutwa, na mwigizaji akashika usukani usio na kazi. Mwaka 2016 The Mill, kampuni ya picha za kompyuta, ilitoa Blackbird, chasi ya umeme inayorefushwa na kupanuliwa, ambayo kompyuta huivisha bodi ya gari lolote unalotaka. Gari adimu linabaki gereji, zima. Kama tangazo lenyewe linauza kahawa, mnywaji kahawa kapunjwa nini?

Mwaka 1965 Mahakama ya Juu ya Marekani ililigusa jambo hili katika kesi ya Colgate-Palmolive. Krimu ya kunyolea ilionyeshwa ikilainisha msasa hadi unanyoleka. Kumbe kilichonyolewa ni plastiki iliyonyunyiziwa mchanga. Kampuni ikashindwa. Lakini majaji hao hao hawakuona kosa mwigizaji akila viazi vilivyopondwa badala ya aiskrimu inayoyeyuka kwenye taa, mradi viazi hivyo visitumike kuthibitisha ulaini wa aiskrimu inayouzwa.

Kwa kipimo hicho, tela ni viazi. Volvo je?

Mwaka 1990 Volvo ilipiga tangazo mjini Austin, Texas. Lori la matairi makubwa liitwalo Bear Foot linapita juu ya magari yaliyopangwa mstari. Yote yanabonyea, isipokuwa Volvo 240 ya stesheni wagoni. Ikaja kufahamika kwamba Volvo ilitiwa mihimili ndani, na nguzo za paa za wenzake zilidhoofishwa kwa kukatwa. Mwanasheria Mkuu wa Texas, Jim Mattox, aliingilia kati. Volvo ikalipa dola 316,250 kufidia gharama za uchunguzi, ikachapisha masahihisho magazetini, na wakala wake wa matangazo, Scali, McCabe, Sloves, akaacha kuifanyia kazi. Mwaka 1991 Tume ya Shirikisho ya Biashara ya Marekani iliwatoza wote wawili, dola 150,000 kila mmoja.

Kisa hiki hakinitoki kichwani, kwa sababu tangazo lilikuwa likiigiza tukio lililosemwa kutokea kweli: onyesho la Vermont, miaka miwili nyuma, ambako Volvo ilikanyagwa ikabaki imesimama. Na maelezo ya kampuni kuhusu mihimili ni yale yale niliyokuwa nikiyatetea hapo juu: usalama wa wapiga picha, na lori kuhitaji kupita juu ya gari zaidi ya mara moja. Hiyo ndiyo sababu ya tela. Tofauti ni kwamba hapa uimara wa paa ndio bidhaa, na picha imeletwa kama ushahidi wake. Laiti wangemwambia mtazamaji kwamba hilo ni igizo na gari limeongezewa nguvu, wangebaki na tangazo dhaifu ila la kweli.

Halafu yale magari mengine. Nguzo hazikatwi ili gari listahimili kukanyagwa tena. Zinakatwa ili lianguke upesi. Mihimili, ukinibana, naweza kuitafutia udhuru. Msumeno sina la kuusemea.