Tuhuma ya njama isiyo na tarehe

Mtu akituhumiwa kuiba ng'ombe mnadani Msalato, anaweza kujibu: siku hiyo nilikuwa Kongwa, na mashahidi hawa hapa. Akituhumiwa kula njama ya kuiangusha serikali, mara nyingi hatajiwi siku, mahali wala maneno aliyoyasema. Anaachiwa kazi ya kuthibitisha kwamba hakuwaza.

Dola nayo ina hoja. Januari 20, 1964 askari wa kambi ya Colito, Dar es Salaam, waliasi, na miaka ya 1980 mahakama iliwatia hatiani watu kwa kupanga mapinduzi. Ukisubiri njama itimie, huenda isibaki mahakama ya kuihukumu. Ndiyo maana uhaini, ambao adhabu yake ni kifo, hauna dhamana.

Hoja hiyo inatosha kumkamata mtu mapema. Haitoshi kumziba mdomo. Kesi ya uhaini huanzia kwa Hakimu Mkazi, asiye na mamlaka ya kuisikiliza. Mshtakiwa husomewa shtaka, huambiwa hatakiwi kujibu lolote, kisha upelelezi haujakamilika, arudi baada ya siku 14. Mwaka 2022 sheria ilirekebishwa ili watu wasishtakiwe kabla upelelezi haujakamilika, lakini makosa makubwa yanayosikilizwa na Mahakama Kuu yakaachwa nje. Anayekabiliwa na kitanzi ndiye aliyekosa kinga hiyo!

Tazama wale wanachama 18 wa CUF, chama cha upinzani, wa Zanzibar. Baadhi yao walikamatwa mwishoni mwa 1997, wakawekwa rumande kwa uhaini, na wakatoka Novemba 2000. Mwaka huohuo Mahakama ya Rufani ilisema kosa la uhaini haliwezi kutendwa dhidi ya Serikali ya Mapinduzi Zanzibar, kwa sababu Zanzibar si dola kamili. Karibu miaka mitatu rumande kwa shtaka ambalo halikuwa na mguu wa kusimamia kisheria. Miaka hiyo nani aliirudisha? Watoto waliokua bila baba walilipwa na nani?

Tundu Lissu, mwanasiasa wa upinzani na mwana wa Ikungi, Singida, alishtakiwa kwa uhaini Aprili 2025, na Juni akaamua kujitetea mwenyewe bila mawakili. Ukweli wa shtaka lake ni wa majaji kuupima. Ila yeye ni wakili, na nchi nzima ilikuwa ikimsikiliza. Mtumishi wa kawaida wa Mtumba, kwenye ofisi za Serikali hapa Dodoma, hana sauti hiyo. Dodoma ni mji wa ofisi: jina likishahusishwa na njama, wenzako hawapokei simu, mwenye nyumba anataka chumba chake, na mkeo anaulizwa maswali sokoni Majengo. Ibara ya 13(6)(b) ya Katiba inakataza mshtakiwa kutendewa kama mwenye hatia kabla haijathibitika. Mtaani haijafika.

Kwa hiyo mtuhumiwa asikimbilie kula viapo vya uzalendo. Kiapo hakijibu tuhuma. Adai, kwa maandishi na kupitia wakili, atajiwe lini, wapi, na nani, kwa maneno yapi. Tuhuma yenye tarehe inajibika, na mwenye ushahidi wa kweli hana sababu ya kuificha tarehe hiyo. Bunge nalo, hapahapa Dodoma, linaweza kuweka ukomo wa miezi kwa upelelezi wa makosa haya: ukipita, mshtakiwa aachiwe au kesi ianze kusikilizwa.