Simu ikiita Ilomba, nani anapokea?

Aprili 2020 nilikuwa napiga simu kila Jumanne na kila Ijumaa, kwa watu saba. Walikuwa wanachama wa kikundi chetu cha wagonjwa wa akili na ndugu zao hapa Mbeya, kikundi kidogo kilichokuwa kikikutana mara mbili kwa mwezi kwenye ukumbi wa kuazima. Tarehe 17 Machi Waziri Mkuu alitangaza kufungwa kwa shule na kusimamishwa kwa mikusanyiko, siku moja baada ya mgonjwa wa kwanza wa corona nchini kutangazwa kule Arusha. Mwenye ukumbi akatuomba funguo kwa upole. Tukagawana majina, kila anayejitolea na orodha yake, na mimi katika saba zangu nilikuwa na dada mmoja wa Ilomba.

Simu haikuwa yake. Ilikuwa ya kaka yake, dereva wa bajaji, na kila nikipiga ndiye aliyepokea. "Shikamoo mama. Yupo, ngoja nimpe." Kisha sauti inafunguka kwa nje, nasikia redio, watoto, sufuria. "Unaendeleaje, mwanangu?" "Naendelea vizuri, mama." "Unalala?" "Nalala." "Dawa unakunywa?" Kimya kidogo. "Nakunywa." Kwenye daftari langu nikaandika "anaendelea vizuri" kwa wiki sita mfululizo, mara kumi na mbili. Mwezi Juni tulipoonana ana kwa ana ndipo aliponieleza kwamba dawa alikuwa ameacha tangu wiki ya Pasaka. Kaka yake aliogopa asilete corona nyumbani kutoka kliniki, akamzuia kwenda. Kaka huyohuyo alikuwa amesimama pembeni mwa simu nilipokuwa nikiuliza.

Sikumlaumu yule kijana, na sasa simlaumu. Lakini tukio hilo lilinibadilishia swali. Watu wanapozungumzia kazi ya kujitolea kwa wagonjwa wa akili katika kipindi kile, huuliza kama mtu asiye na taaluma anafaa kuifanya au hafai. Mimi nauliza simu ile inafika kwa nani, na nikishasikia jambo, nampelekea nani.

Kuna wanaosema kwetu hapakuwa na haja ya haya yote, kwa kuwa Tanzania haikufunga watu ndani. Ni kweli haikufunga. Uganda na Rwanda walizuia watu kutoka majumbani, Kenya wakaweka amri ya kutotoka usiku, sisi Soko la Mwanjelwa hapa Mbeya liliendelea kuuza, makanisa na misikiti ikabaki wazi, na watu wakanawa kwa maji tiririka mlangoni wakaingia. Ila mgonjwa wa akili hakuhitaji askari barabarani ili afungiwe. Ilitosha kikundi kusimama na ndugu kuogopa. Tena kwa wengine kufungiwa hakukuanza na corona. Nimeingia nyumba moja upande wa Rungwe ambako kijana alikuwa amefungwa mnyororo kwenye nguzo ya banda tangu mwaka uliotangulia, na mama yake analia akinieleza kwamba akimfungua anakimbilia barabara kuu. Kwa familia ya namna hiyo, mtu anayebisha hodi kila baada ya wiki mbili ndiye karibu mgeni pekee. Akikoma kuja, hakuna mwingine atakayeona kidonda cha kifundo cha mguu kikioza.

Hoja ya kwanza ya kuunga mkono wanaojitolea iko hapo, na kwangu ni nzito kuliko zote. Shirika la Afya Duniani lilipouliza nchi 130 katikati ya mwaka 2020, asilimia 93 zilijibu kwamba huduma zao za afya ya akili zimevurugika au zimesimama. Nchi tajiri zimo humo. Sisi ambao hospitali kuu ya taifa ya magonjwa ya akili, Mirembe, iko Dodoma, na ambao mtu wa Makete akitaka kumwona mtaalamu hujipanga kwa nauli, tulikuwa na kipi cha kuvuruga? Tulikuwa na jirani. Ukimwondoa jirani kwa kuwa hana cheti, nafasi yake inabaki tupu.

Na jirani akiandaliwa anaweza sana. Mfano ninaourudia kila nikibishana na watu ni wa Zimbabwe, ambako tangu mwaka 2006 daktari Dickson Chibanda aliwaweka akina bibi kwenye mabenchi nje ya zahanati za Harare wasikilize watu wenye msongo. Kwa Kishona ugonjwa huo wanauita kufungisisa, yaani kufikiri kupita kiasi, na mtu wa kwetu anaelewa papo hapo, kwa sababu sisi nasi husema "ana mawazo" tukimaanisha jambo zito kuliko mawazo. Mwaka 2016 yalichapishwa matokeo ya utafiti uliofanywa kwa watu 573. Baada ya miezi sita, waliokaa na akina bibi na bado wana dalili za sonona walikuwa kama asilimia 14. Waliopata huduma ya kawaida walikuwa karibu asilimia 50. Anayesema mtu asiye daktari hana la kumfanyia mgonjwa wa akili, ajibu kwanza takwimu hizo.

Lakini wale bibi hawakuokotwa tu. Walifundishwa, walikuwa na maswali yaliyoandikwa, walikuwa na msimamizi, na nyuma ya benchi ilikuwapo zahanati ya kumpeleka aliyezidiwa. Halafu walikuwa wakishughulika hasa na sonona na wasiwasi. Katika orodha yangu ya watu saba, wanne walikuwa na skizofrenia, ule wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwapo, au ugonjwa wa hisia mseto, ule wa hisia kupanda na kushuka kupita kiasi, wanatumia dawa nzito, na hapo mambo hubadilika.

Kijana mmoja wa Uyole, ambaye hakuwa kwenye orodha yangu, alichomwa sindano ya haloperidol, moja ya dawa hizo nzito, na kesho yake shingo ikakaza upande mmoja, macho yakapanda juu, ulimi ukawa mzito. Muuguzi yeyote wa kitengo cha akili anaijua hali hiyo. Ni athari ya dawa, inatisha, na hutulia upesi mgonjwa akipewa benzhexol, ile ambayo wengi huiita Artane. Mama yake akampigia mwenzetu aliyekuwa akimhudumia kwa simu. Mwenzetu ni mtu wa sala sana na moyo wake ni safi. Akasikia "shingo imepinda, macho yamegeuka", akamwambia mama waombe, na dawa waiache kwanza. Kijana akakaa bila dawa mwezi na zaidi, akarudi barabarani, akapigwa na watu waliodhani ni mwizi. Kwa simu shingo haionekani. Na mtu ambaye hajafundishwa hata akiiona atatafsiri kwa elimu aliyonayo, na elimu yetu sote kuhusu macho yaliyogeuka ni ile ya mapepo.

Nimelikumbuka tukio hili mara nyingi kuliko ninavyopenda. Mwenzetu yule hakuwa na namba hata moja ya mtu wa kumuuliza. Sisi ndio tuliompa orodha ya majina bila kumpa namba hiyo.

Waingereza nao walilijua hilo kwa njia yao. Nchi yao ilipofungwa tarehe 23 Machi 2020, serikali iliomba watu 250,000 wa kujitolea kusaidia wagonjwa na wazee, na ndani ya siku chache wakajiandikisha zaidi ya 750,000. Wengi wao wakakaa na simu mkononi wiki nzima bila kupangiwa kazi. Wenye nia ya kusaidia walikuwa wamefurika. Kilichochelewa ni utaratibu wa kuwaunganisha na anayehitaji. Nchi hiyohiyo ina shirika la Samaritans, ambalo tangu mwaka 1953 linawatumia watu wa kawaida kupokea simu za waliokata tamaa. Hao hufundishwa kabla ya kushika simu, hukaa kwa zamu, na akishuka zamu ana wa kumweleza alichosikia.

Upinzani mkali zaidi niliousikia hapa kwetu ulitoka kwa muuguzi mmoja ninayemheshimu, na haukuhusu ujuzi hata kidogo. "Mama, mnatuharibia maoteo," aliniambia. Nilidhani ananitania. Akanieleza kwamba maoteo ni makadirio ya dawa zitakazohitajika. Kituo cha afya huagiza dawa Bohari ya Dawa kwa kuangalia zilizotumika. Mgonjwa akija kliniki, jina linaingia kwenye rejista, dawa inahesabiwa, na oda ijayo inaomba kiasi hicho. Wagonjwa walipobaki nyumbani na sisi tukawa tunachangishana kuwanunulia carbamazepine, dawa ya kutuliza hisia, kwenye maduka ya dawa, kwenye karatasi za kituo wagonjwa hao walikuwa hawapo. Oda ikapungua. Waliporudi mwezi wa saba dawa hazikutosha. Huruma yetu ilikuwa imewafuta kwenye hesabu.

Hoja hiyo imenikaa. Inaonyesha kwamba anayejitolea anaweza kufanya jambo jema kabisa kwa mtu mmoja na bado akaificha shida isionekane kwa anayepaswa kuilipia. Sikubali hitimisho la muuguzi, kwamba basi tungeacha. Dada aliyeishiwa vidonge Alhamisi hawezi kusubiri oda ijayo. Ila nakubali kwamba tungeweza kupeleka kadi zao kituoni na kuchukua dawa kwa majina yao, badala ya kukimbilia dukani. Wenye VVU walikuwa tayari wameanza kupewa dawa za miezi kadhaa kwa mkupuo. Wetu walikuwa bado wa mwezi kwa mwezi, na hakuna aliyekwenda kugonga mlango wa mganga mkuu kuomba utaratibu kama ule. Hata sisi hatukwenda.

Nyanda za Juu Kusini tumelipitia jambo hili la kujitolea kabla, wakati wa UKIMWI. Utafiti wa taifa wa mwaka 2011-12 ulikuta Njombe ikiongoza nchini kwa VVU, asilimia 14.8 ya watu wa miaka 15 hadi 49. Miaka mingi kabla ya hapo shangazi yangu wa Makete alikuwa mhudumu wa wagonjwa majumbani, na mkoba wake ulikuwa na glovu, sabuni, panadol na daftari. Alipanda milima ile kwenye ukungu wa Juni na Julai, akawaogesha watu ambao ndugu zao walikuwa wameshindwa kuwashika. Alizika wengi wa wale aliowahudumia. Hakulipwa, na alipoanza kuumwa yeye, magoti na presha, hakuna aliyepanda mlima kumfuata. Ukisikia watu wanasifu moyo wa kujitolea wa watu wa kusini, mimi namkumbuka yeye kitandani.

Kwa hiyo nilifurahi Januari 2024, aliyekuwa Makamu wa Rais, Philip Mpango, alipozindua mpango wa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, zaidi ya 137,000 nchi nzima, wanaochaguliwa na jamii zao, wanaofundishwa na kupewa posho. Afya ya akili ikipewa nafasi ya kweli katika mafunzo yao, kazi tuliyoifanya kwa kubahatisha itapata mwenyewe. Wasiwasi wangu ni kwamba katika orodha ndefu ya malaria, lishe, chanjo na uzazi, mgonjwa wa akili huwa wa mwisho kukumbukwa. Hapigi kelele za kudai dawa. Akipiga kelele, anafungwa.

Kuna suala la siri pia, ambalo kwa simu ya mtu mwingine halina suluhu rahisi. Kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu kilikuwa kinahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Anayejitolea akiambiwa "jana nilikunywa sumu ya panya nikatapika", afanye nini? Akinyamaza, mtu anaweza kufa. Akimpigia mjumbe wa nyumba kumi, anaweza kumwona mgonjwa wake kituo cha polisi badala ya wodini. Sisi hatukuwa tumekubaliana lolote, kila mtu aliamua peke yake usiku, na wawili kati yetu waliacha kazi kwa sababu ya usiku wa namna hiyo.

Corona iliporudi kwa nguvu mwanzoni mwa 2021 tulikaa chini kabla ya kugawana majina. Hakuna aliyepewa zaidi ya watu wanne. Muuguzi yule wa maoteo alikubali tumpigie hadi saa tatu usiku, na kikundi kikawa kinamnunulia vocha. Ambaye hana simu yake hatukumpigia tu, tulimwendea, tukazungumza naye nje uwanjani, mita mbili na barakoa. Na kila mmoja alipewa neno lake la siri kwa siku ambazo hawezi kusema mbele ya watu.

Dada wa Ilomba alichagua viazi. Katikati ya Februari nikapiga, kaka yake akapokea, akampa. Nikamuuliza anaendeleaje. "Vizuri mama," akasema, "ila huku viazi vimepanda sana." Nikampigia muuguzi, kisha nikatoka kutafuta daladala.