Visawe vya vitenzi: orodha inatosha kwa mtihani wa kuingia shule?

Jioni moja nilimkuta mwanangu mezani na rundo la kadi. Upande mmoja wa kadi ya juu aliandika OSHA kwa herufi kubwa. Ukiigeuza unakuta fua, kosha, nawa, safisha. Alikuwa anajiandaa kwa mtihani wa kujiunga na shule, sehemu ya msamiati, ile ambayo mtahiniwa hupewa neno moja tupu na kutakiwa achague kisawe chake kati ya maneno manne au matano. Nikampima: kadi 40, makosa 2. Nikafurahi. Kisha nikamwomba anitungie sentensi yenye fua.

"Nimefua sahani."

"Sahani haifuliwi, mwanangu."

"Lakini baba, si umesema ni visawe?"

Swali lake halijanitoka kichwani, kwa sababu kwenye chumba cha mtihani yeye ndiye angekuwa sahihi. Angeweka alama kwenye fua, angepewa maksi, na asingejua kwamba kuna kitu hakijui.

Wapo walimu na wazazi wanaosema mazoezi ya namna hii ni kasuku tu, yaachwe. Siungani nao. Tazama mitihani ya aina hii ilivyo. SSAT, unaotumiwa na shule nyingi za binafsi nchini Marekani kuchagua wanafunzi, una sehemu ya maneno yenye maswali 60 kwa dakika 30 katika ngazi ya kati na ya juu, na 30 kati ya hayo ni ya visawe. Ni nusu dakika kwa swali. Jibu sahihi ni alama 1, jibu la kosa linakatwa robo alama. Kwa mwendo huo hakuna muda wa kukuna kichwa: neno ama linakuja lenyewe, ama haliji.

Na namna ya kulifanya neno lije lenyewe imejulikana siku nyingi. Mwaka 1885 mwanasaikolojia Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio aliyojifanyia mwenyewe kwa silabi zisizo na maana. Aliona kwamba tulichojifunza hupotea kwa kasi sana mwanzoni, na kwamba marudio yaliyogawanywa katika siku kadhaa hufaa kuliko marudio yaliyorundikwa siku moja. Mwaka 2006 wanasaikolojia Roediger na Karpicke walilinganisha wanafunzi waliosoma habari tena na tena na wale waliojipima bila kuiangalia. Baada ya dakika 5 waliorudia kusoma walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yaligeuka, waliojipima ndio waliokumbuka zaidi. Kadi inayogeuzwa baada ya kujibu ndiyo kujipima kwenyewe. Anayeidharau anadharau njia inayofanya kazi.

Kuna hoja nyingine, na hii ndiyo inayonigusa zaidi. Mtoto aliyekulia kati ya vitabu, akisikia watu wazima wakibishana kwa maneno mazito, ameshaokota msamiati bila jasho. Mwenzake ambaye hakupata bahati hiyo ana miezi mitatu tu kabla ya mtihani. Kumwambia "soma sana, maneno yatakuja" ni kumnyima msaada, maana neno la nadra unaweza kulikuta mara moja kwa mwaka mzima wa kusoma. Orodha inampa mlango. Sioni haki ya kuufunga mlango huo kwa jina la elimu bora.

Lakini vitenzi si kama nomino. Ukitoa rafiki ukaweka sahibu, mara nyingi sentensi inasimama vilevile. Kitenzi hakitembei peke yake. Kinakuja na mtenda wake na mtendwa wake, na hao ndio wanaoamua kitenzi gani kitumike. Nguo tunafua, vyombo tunaosha, mikono tunanawa, mwili mzima tunaoga. Mlango hufungwa, macho hufumbwa, tundu huzibwa, chungu hufunikwa. Haya si mapambo ya lugha. Mzungumzaji wa Kiswahili hubagua vitendo hivyo kwa kuangalia kinachotendwa, na orodha inayoviweka mstari mmoja na alama ya usawa katikati inaufuta ubaguzi huo wote. Hata kufa na kufariki, jozi inayoonekana salama, haiko salama: fariki asili yake ni kutengana, mtu ametengana na dunia, na tunaitumia kwa heshima ya binadamu. Ng'ombe amekufa. Hajafariki.

Halafu kuna mnyambuliko, ambapo mtungaji wa mtihani huweka mitego yake. Chukua swali hili: OGOFYA, na machaguo ni hofu, tisha, kimbia, onya. Mtoto aliyekariri kwamba ogopa ni hofu ataiona sura ya ogopa ndani ya ogofya na mkono utakwenda kwenye hofu. Jibu ni tisha, kwa sababu ogofya ni kumfanya mwingine aogope. Kipotoshi hicho kimetengenezwa makusudi kwa ajili ya mtu anayelijua neno nusunusu, na orodha ya mizizi mitupu huzalisha watu wa aina hiyo kwa wingi. Maana nyingi za kitenzi kimoja nazo zina shida yake, kwani anayefunga mlango, anayefunga Ramadhani na anayefunga goli wanahitaji visawe vitatu tofauti, ila hapo mtoto hujikwamua upesi akishaonywa.

Kwa hiyo naona ugomvi kati ya wanaotetea kukariri na wanaopinga umewekwa mahali pasipo pake. Kurudia ni kuzuri. Kilicho kibovu ni kilichoandikwa kwenye kadi. Mimi na mwanangu tulizirudia zile kadi, safari hii kila kitenzi kikiwa na yambwa yake, yaani kile kinachotendwa: fua nguo, osha vyombo, nawa mikono. Alipofika kwenye safisha akasimama. Akajaribu chumba, meza, kidonda, viatu, vyote vikakubali. Akachora duara, akaiandika safisha katikati na vile vingine pembeni, kila kimoja na kitu chake. Hilo sikumfundisha mimi.

Gharama yake sitaificha. Jioni ile alimaliza maneno 12, wakati kwa mtindo wa zamani angemaliza 40. Kama mtihani ni wiki ijayo, siwezi kumshauri mzazi yeyote abadili njia. Mwacheni mtoto na orodha yake, kila alama ina thamani. Kama kuna miezi miwili au mitatu mbele, maneno machache yaliyoshikwa na yambwa zake yatamvusha kwenye mitego ya mtungaji, na yatakuwa bado yake siku atakapoandika insha. Kusoma vitabu pia kunapata nafasi hapa: kitenzi kigeni kikitokea kwenye hadithi, kiingie kwenye kadi pamoja na sentensi yake, kisubiri kupimwa baada ya siku tatu, kisha baada ya wiki.

Mzigo mwingine uko kwa watunga mitihani. Mitihani hubadilika: SAT, mtihani wa kuingia vyuo vikuu vya Marekani, iliondoa maswali ya vinyume mwaka 1994 na ya mlinganisho wa maneno mwaka 2005. ISEE, mtihani mwingine wa kuingia shule nchini humo, unaweka visawe pamoja na maswali ya kujaza neno ndani ya sentensi, na ni hapo aliyekariri jozi tupu huanza kupotea. Maadamu swali linauliza neno tupu, familia zitafundisha maneno matupu, na sitazilaumu.

Kadi moja bado iko mezani, haijapata upande wa pili. Ni ya AZIMA. Mwanangu aliandika sentensi mbili: "Niazime kalamu yako" na "Nimeazima kalamu kwa jirani." Ya kwanza mtu anatoa, ya pili mtu anachukua, na zote ni Kiswahili safi. Akaniuliza, kwenye machaguo wakiweka kopa na kopesha, atie alama wapi. Nikamwambia aandike zote mbili kwenye kadi, kila moja na sentensi yake. "Na kwenye mtihani je?" akauliza, kalamu ikiwa bado mkononi.