Mashine Iliyokaanga Migebuka

Masika yaliyopita majani ya uani kwangu Ujiji yalinishinda. Stanley alimkuta Livingstone hapahapa Ujiji mwaka 1871, chini ya mwembe. Yule mzee angekuwa amekaa uani kwangu, Stanley angerudi Unguja mikono mitupu. Kuku wangu walikuwa wanaingia watano, wanatoka wanne.

Fyekeo ninalo. Kiuno ndicho sina.

Basi nikapanda daladala hadi mjini kutafuta mashine ya kukatia majani. Kijana wa dukani akanipangia tatu sakafuni. Ya kwanza ya umeme, nyepesi kama mwavuli, kelele hakuna. Nikapiga hesabu ya waya kutoka sebuleni hadi kwenye mchikichi wa mwisho, nikakumbuka jinsi ninavyojijua, nikaona huo waya nitaukata mimi mwenyewe siku ya kwanza. Ya pili ya petroli, fo-stroki: oili ina mahali pake na petroli mahali pake, kama bodaboda. Bei yake nikaitazama mara moja tu. Ya tatu tu-stroki, cc 52, nyekundu, ina mkanda wa begani na kisu cha meno matatu. Hiyo ndiyo iliyonitazama mimi.

"Mzee wangu, majani yako ni laini au ni vichaka?" kijana akauliza.

Swali la maana kuliko yote siku ile, na mimi nikamjibu, "Wewe nipe yenye nguvu."

Hakunibishia. Alinifungia tu kichwa cha uzi wa nailoni pale penye kisu, akasema kisu ni cha vichaka na vijiti, kwa majani ya uani uzi unatosha, na ukigonga jiwe unakatika uzi, haikatiki shingo ya mashine. Kisha akainua kidole: "Hii haina sehemu ya oili. Unachanganya mwenyewe. Petroli lita moja, oili mililita 40." Akanimiminia oili kwenye kichupa cha maji ya kunywa. Oili yenyewe nyekundu.

Sasa, mtu wa Kigoma ameshajua hadithi inakoelekea. Nyumbani kichupa nikakiweka barazani, kwenye rafu. Na ni rafu hiyohiyo mama watoto anapoweka mawese. Mawese nayo yamo kwenye kichupa cha maji ya kunywa.

Jumamosi asubuhi nikavaa buti za mvua, na miwani niliyoazima kwa fundi wa kuchomelea mageti. Ile miwani ukiivaa saa tatu asubuhi, dunia inakuwa saa moja usiku. Nikapapasa rafu, nikashika kichupa, nikapima kwa bomba la sindano. Mililita 40 kamili, tone halikuzidi! Kwa usahihi ule ningekuwa mfamasia.

Kuwasha kulichukua kuvuta kamba mara kumi na nne. Mara ya kumi na tano ikakubali, ikatoa moshi mzito, majani yakaanza kulala. Jamani, raha! Uzi haubagui: ukikuta jani unakata, ukikuta mavi ya mbuzi unayatuma kwa mwenye mashine. Nilikuwa naimba. Niliacha kuimba. Mpapai mmoja mchanga ulivuliwa ganda chini pande zote kama muwa, na ukuta niliopaka chokaa Krismasi ukawa na madoadoa ya kanga.

Dakika kama kumi hivi, nikaanza kusikia njaa. Njaa ya ghafla, ya ajabu. Harufu ya mawese ya moto ilikuwa imenizunguka, ile ya kikaango kinachosubiri samaki. Nikajisemea mama watoto leo kaamua kunipongeza, nikaongeza moto wa mashine ili niwahi. Kadiri nilivyoongeza moto, ndivyo mapishi yalivyonoga.

Kwenye uzio akatokea bibi jirani, sahani mkononi.

"Mwanangu, mnakaanga migebuka?"

"Hapana bibi, nakata majani."

Akanitazama. Akatazama moshi. Akavuta pumzi kwa pua, taratibu, kama mtu anayesikiliza shahidi mwongo.

"Haya," akasema, akageuka na sahani yake.

Hapo mashine ikakohoa, ikazima. Mama watoto akatoka jikoni, ambako hata jiko lilikuwa halijawashwa, akiuliza nani kachezea mawese yake.

Fundi pikipiki aliifungua palepale barazani kwake. Alinusa tangi kwanza, akawaita vijana wake wote waje wanuse. Kile kitundu cha kabureta, chembamba kama cha sindano, kilikuwa kimezibwa na machicha ya mawese. Akanieleza kwamba kwenye tu-stroki ile oili ya kuchanganya ndiyo pekee inayolainisha pistoni, hakuna nyingine, na yangu ilikuwa imeanza kuchubuka. Ningeendelea nusu saa nyingine ingegandana. Kisha akauliza kwa upole kama chumvi niliweka.

Jioni mjukuu wa bibi akaja na salamu: "Bibi anasema kunyimwa amezoea, ila harufu aliisikia."

Ikabidi kesho yake nidamkie sokoni, ninunue migebuka minne minene, mama watoto aikaange kwa yale mawese yaliyobaki, nami nipeleke mwenyewe, sahani nimeishika kwa mikono miwili. Bibi akafunua, akanusa, akafunika.

"Asante mwanangu. Lakini hawa si wale wa jana."