Mwamba ni nani?

Tamko la uhuru wa Israeli la Mei 14, 1948 lilibishaniwa kwa sababu ya neno moja. Wanadini walitaka Mungu atajwe, Wasoshalisti hawakutaka, mwisho yakaandikwa maneno "Mwamba wa Israeli". Aliyezoea zaburi amsikie Mungu, asiyesali asikie jeshi au taifa lenyewe.

Wengi waliona ni busara. Yeshayahu Leibowitz, profesa wa biokemia huko Yerusalemu na Myahudi aliyeshika Torati kikamilifu, aliona ni kufuru. Oktoba 1953, kulipiza kisasi cha mama na watoto wawili waliouawa Yehud, mji wa Israeli, kikosi cha jeshi la Israeli chini ya Ariel Sharon kiliingia usiku kijiji cha Wapalestina cha Qibya na kulipua nyumba zikiwa na watu ndani. Walikufa zaidi ya 60. Leibowitz akauliza vijana wale walipata wapi moyo wa kufanya vile bila kusita, akarudi kwenye ule Mwamba: ukilivika taifa sifa ya Mungu, kila linalotendwa kwa ajili yake linakuwa limekwisha kutakaswa. Dola kwake ni chombo tu, mfano wa jembe. Jembe unalitunza, huliabudu. Baada ya vita vya 1967 alitaka Israeli iondoke maeneo iliyoyateka.

Upande wa pili nao si wa kubezwa. Emil Fackenheim, mwanafalsafa wa Kiyahudi, alionja kambi ya mateso ya Wanazi ya Sachsenhausen kabla ya kukimbia Ujerumani. Alishikilia kwamba baada ya Hitler, Wayahudi kuendelea kuishi kama Wayahudi ni amri kabisa, na watu milioni 6 waliouawa hawakuwa na dola ya kuwakinga. Kwa aliyepita huko, kuambiwa dola ni jembe ni maneno ya mtu aliyeshiba.

Mimi naona Leibowitz alipatia kuhusu Mwamba, ila mdomo ulimponza. Kuwafananisha askari wa nchi yake na Wanazi kuliwaumiza manusura na kuwapa wapinzani kisingizio cha kutomsikiliza. Mwaka 1993 alipochaguliwa kupewa Tuzo ya Israeli, Waziri Mkuu Rabin alisema hatahudhuria. Mzee akaikataa tuzo.

Na bado alijiita Mzayuni, yaani mtetezi wa Wayahudi kuwa na dola yao. Sababu aliyotoa ilikuwa moja: Wayahudi walikuwa wamechoka kutawaliwa na wengine. Hapo hata Fackenheim asingempinga.