Si jeni tu jamani
Kuna makala kuhusu magonjwa ya utumbo kuvimba, mwandishi anasema eti ukirithi jeni mbovu basi utumbo lazima uje uvimbe, mi nakataa. Jeni inayoitwa NOD2 imehusishwa na ugonjwa wa Crohn (mmoja wa hayo magonjwa ya utumbo kuvimba) tangu 2001 sawa, ila kuna mapacha wa kufanana kabisa, mmoja anaharisha damu mwenzie mzima, hapo urithi peke yake unaelezaje? Kule Parkersburg, Marekani, kiwanda cha kampuni ya DuPont kilikuwa kinatumia kemikali ya PFOA kutengeneza Teflon (ile ya vikaango ambavyo yai haligandi), kemikali hiyo ikaingia mpaka kwenye maji ya kunywa, na 2012 jopo la wanasayansi likasema yaelekea inahusiana na ugonjwa wa vidonda vya utumbo mpana, nao ni wa utumbo kuvimba. Mnaoumwa utumbo humu, kuna daktari aliwahi kuwauliza mnafanya kazi wapi na mnakunywa maji gani, au ni "kwenu nani mwingine anaumwa" basi?